Lalamiko Dhidi ya Swali la Tisa

Kumb. Na. NYB/PKA/1/7

Kwa Daktari wa Tabia za Wanyama,
Zahanati ya Wanyama,
Jengo lenye geti la kijani.

Mheshimiwa Daktari,

KUHUSU: FOMU YA MATAYARISHO YA KUMLETA PAKA, NA HASA SWALI LA TISA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wagonjwa wako wote, wenye manyoya na wenye magamba. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa mmoja wetu, na huyo ndiye anayeletwa kwako Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, achunguzwe tabia. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba anayeletwa ni paka. Nalisema hili kwa sababu tangu fomu yako iingie nyumbani kwangu, jambo hilo limeanza kutiliwa shaka.

Mimi ni karani mkuu wa masjala, mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne nimepokea barua, nimezipa namba, nimezifungulia majalada na kuzifuatilia mpaka zikajibiwa. Fomu zilizopita mikononi mwangu ukizipanga moja juu ya nyingine zitagonga dari, zitoboe, ziendelee na safari. Kwa hiyo ninaposema sijapata kuona fomu yenye upendeleo kama ya kwako, usidhani ni hasira za mtu asiyejua karatasi.

Nianze na historia ya shauri. Paka mwenyewe anaitwa Mpangaji. Jina hilo alipewa na mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, siku alipoingia kwa mlango wa jikoni wakati wa mvua kubwa, miaka minne iliyopita. Alijikung'uta, akakagua vyumba vyote, akachagua kiti kizuri kuliko vingine, akalala. Nilisema tumwache mgeni apumzike, mvua ikikatika ataondoka. Mama mkwe akasema, nanukuu: "Mgeni huuliza pa kukaa, baba. Huyu ni mpangaji." Hajaondoka mpaka leo.

Kwa miaka mitatu na nusu mwenendo wake ulikuwa safi. Haja zake alizimaliza kwenye beseni lake la mchanga, akafukia, akaenda zake. Miezi sita iliyopita akaanza vituko. Kwanza alikojolea ndala yangu ya kushoto. Wiki iliyofuata ikawa ya kulia. Kisha mkoba. Mwisho akahamia kwenye trei zangu mbili za barua, na hapa nataka kuwa mkweli kabisa, kwa kuwa kumbukumbu ni kumbukumbu: hulala kwenye trei ya zinazoingia, na hukojoa kwenye ya zinazotoka. Utaratibu anaujua. Kinachomshinda ni nidhamu.

Mke wangu ndiye aliyepiga simu kwenu. Yeye ni mkunga, anafanya kazi kwa zamu, na si mtu wa kuzunguka mbuyu. Mpokeaji wenu akamwambia kwamba daktari hamwoni paka kabla familia haijajiandaa, akatutumia fomu ya kurasa kumi na moja. Malalamiko yangu ndiyo haya.

1. Swali la tisa lenyewe. Linasema: "Je, kuna badiliko lolote lililotokea nyumbani muda mfupi kabla ya tabia hii kuanza? Mfano: mtoto mchanga, mgeni, ukarabati, kuhama, mnyama mpya." Na maelekezo ya juu yanataka kila mtu mzima ajaze nakala yake bila kushauriana na mwenzake. Daktari, mimi maelekezo huyafuata. Nilitoa nakala nne. Mke wangu nilimweka upande huu wa meza, na binti yetu upande ule. Binti ni fundi magari, ana gereji yake mitaa miwili kutoka hapa na huja kwetu kila jioni kula. Mama mkwe aliomba akae jikoni, nikamruhusu, mlango ukafungwa. Nikatembea katikati yao kwa nusu saa, mikono nyuma, kuhakikisha hakuna anayechungulia. Kisha nikakusanya.

Mke wangu aliandika: "Mume wangu amestaafu."

Binti aliandika: "Mzee yupo."

Mama mkwe, ambaye miwani yake ina ufa na huandika kwa shida, aliandika neno moja, "Mkwe", akalipigia mstari mara mbili.

Mimi niliandika: "Hakuna."

Nimefikiria sana namna walivyoibiana majibu, na mpaka sasa sijaigundua. Lakini swali langu kwako ni hili: kati ya mifano yako mitano, yaani mtoto mchanga, mgeni, ukarabati, kuhama na mnyama mpya, mimi ni upi? Nilimuuliza mke wangu. Akasema yote mitano.

2. Swali la kumi, linalofuata moja kwa moja, linasema "Eleza kwa kina." Hili ni kosa la kiufundi. Ukimwambia mtu aeleze kwa kina, umwachie mistari mitatu tu, vinginevyo ataeleza. Wenzangu waliomba karatasi za ziada. Walitumia tisa. Kwa kuwa maelezo yao utayapata, ni haki upate na ya upande wa pili.

Ni kweli niliweka meza ya kazi kwenye korido. Nyumba isiyo na meza ya kazi ni kambi. Ni kweli kuna kengele, ile niliyopewa na wenzangu siku ya kuniaga, na ni kweli huigonga saa nne kamili kwa ajili ya chai. Mke wangu anadai kuwa saa nne asubuhi, akitoka zamu, yeye ndiyo kwanza amefumba macho. Hilo nimelipokea na linafanyiwa kazi. Ni kweli kuna daftari la mahudhurio, kila anayetoka na kurudi asaini, na kwa upande wa paka huwa namsainia mimi.

Kuhusu beseni la mchanga, maneno yamekuzwa. Nilipostaafu nililikuta nyuma ya mlango wa jikoni. Lilikuwa limekaa hapo miaka yote bila sababu yoyote iliyoandikwa. Nililihamishia koridoni, karibu na meza yangu, kwa usimamizi wa karibu. Hilo halikufanikiwa. Nikalipeleka kando ya mashine ya kufulia. Mashine ilipoanza kuzungusha nguo, paka alitoka mle ndani ya beseni akiwa angani, na kwa saa kadhaa hatukujua alitua wapi. Nikalihamishia barazani. Kila mara nilibandika tangazo la mabadiliko ukutani, kwenye kimo cha paka, ili asije akasema hakuarifiwa. Niambie, Daktari, ni ofisi ngapi unazozijua zinazojali kiasi hicho?

3. Shajara. Mmetaka familia iandike kwa siku kumi na nne kila anachofanya mnyama, saa, mahali, na katika safu ya mwisho, "Nani alikuwepo?" Kazi hii niliichukua mwenyewe kwa moyo mkunjufu, maana sikuona mwingine mwenye sifa. Nakunukulia kidogo uone ubora wake:

"Jumanne, saa nne na dakika kumi. Mhusika yuko juu ya kabati la vyombo. Namtazama. Saa nne na robo. Bado yuko juu. Ananitazama. Saa tano kasorobo. Ameteremka, ameelekea barazani. Nafuata. Saa tano kasoro dakika kumi na tatu. Amesimama kando ya beseni. Nimesimama kando yake. Saa tano kamili. Hakuna kilichofanyika. Amerudi juu ya kabati."

Kurasa arobaini na sita za namna hiyo. Lakini mke wangu alipozipitia, hakusoma chochote isipokuwa safu ya mwisho, ile ya "Nani alikuwepo?", ambayo kutoka mwanzo hadi mwisho imeandikwa "Mimi". Sasa kama anayeandika ni mimi, ningeandika nani? Mimi ni kama karani wa mapokezi: kila barua ya msiba hupitia mkononi mwangu, je, ndimi niliyeua? Mke wangu alifunga daftari, akanipa, akasema: "Mume wangu, nimezalisha miaka ishirini na sita. Hata mama mwenye uchungu ukimsimamia hivyo na kalamu, mtoto atarudi ndani." Hiyo ni kauli ya kitaalamu, lakini ni ya utaalamu mwingine, nami sioni kwa nini itumike hapa.

4. Kwenye ukurasa wa kwanza fomu inataka jina la paka, jina la utani la paka, chakula anachokipenda, mchezo anaoupenda, mahali anapopenda kukunwa, na kitu kinachompa furaha. Kwa mwenye paka inataka namba ya simu.

5. (Lalamiko hili limeondolewa baada ya mashauriano na mke wangu, aliyesoma rasimu akiwa amesimama.)

6. Video. Mmetaka angalau dakika tatu za mnyama akiwa katika hali yake ya kawaida nyumbani, bila kusumbuliwa. Tuliipiga Jumamosi. Mke wangu alishika simu, mimi nikatoa maelezo, kwa sababu picha isiyo na maelezo haina maana. Jumapili baada ya chakula cha mchana tukakaa sebuleni wote wanne kuitazama kabla ya kuituma.

Ina urefu wa dakika nne na sekunde kumi. Paka anaonekana kwa sekunde sita: anatokeza kichwa mlangoni mwa korido, ananiona, anageuka. Muda uliobaki ni mtu mzima mwenye tai, kasimama kati ya trei mbili, akiieleza sakafu taratibu za matumizi ya beseni.

Watu walicheka. Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji, nami nikacheka pia, maana kweli tai ile haiendani na kaptura. Kisha ikafika pale ninapomaliza kipengele cha tatu na kunyamaza. Ni desturi yangu. Katika kikao cha asubuhi pale kazini, nilikuwa nikimaliza kipengele nanyamaza kidogo kumpa nafasi mwenye swali. Kwenye video nimenyamaza, nimeinamisha kichwa, nangoja. Korido tupu. Nikangoja tena. Hapo hakuna aliyecheka. Binti yangu akauliza polepole, akiwa bado anatazama kioo cha simu, "Baba, huwa unamngoja nani?"

Nilimjibu kwamba sauti ilikatika. Lalamiko langu ni kwamba maelekezo yenu hayasemi popote kuwa video ya paka yaweza kuwa na athari kwa watu wengine.

7. Ramani. Swali la kumi na nne linataka mchoro wa nyumba unaoonyesha mahali ambapo kila mkazi, binadamu na mnyama, hupenda kukaa. Niliuchora kwa vipimo, kila hatua moja sentimita moja, na milango nikaionyesha inakofungukia. Nikawapa kila mmoja kalamu ya rangi yake. Mke wangu alitia alama upande wa kitanda penye dirisha. Mama mkwe, kiti chake pembeni ya redio. Binti, ambaye hata halali hapa, benchi la jikoni. Kwa niaba ya paka wakatia alama nne, wakabishana kuhusu ya tano.

Zamu yangu ilipofika nilishika kalamu kwa muda. Daktari, nyumba hii niliijenga mimi. Najua kila tofali liliko. Lakini kwa miaka thelathini na minne nilikuwa natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni. Mchana wake sikuwahi kuuona. Mwisho nikatia alama mezani pangu, koridoni. Mama mkwe akainama, akatazama kwa jicho lake moja zuri, akasema kwa upole kabisa: "Hapo si pa kukaa, baba. Hapo ni pa kupita."

Sina zaidi kuhusu kipengele hiki. Ninachosema tu ni kwamba vipimo vyangu vilikuwa sahihi.

8. Kisanduku cha kusafiria. Hapa ndipo fomu yenu ilipovuka mpaka, ikagusa mwili.

Mmeagiza kisanduku cha plastiki, chenye mlango wa waya, kiachwe wazi sebuleni siku kadhaa ili mnyama akizoee. Nilikiacha. Mpangaji alikitazama kutoka juu ya kabati, ambako alikuwa amehamia kwa siku ya tisa mfululizo, akishuka kula tu nikiwa sipo. Nikaona kama kawaida kwamba mfano huanzia juu. Mke wangu alikuwa zamuni. Nikapiga magoti, nikamwambia paka atazame vizuri, nikaingiza kichwa na mkono mmoja kumwonyesha kwamba ndani hakuna hatari.

Kuingia kulikuwa rahisi. Kutoka, kola ya shati ilinasa kwenye waya wa mlango, miwani ikajikwamisha pembeni, na sikio langu la kulia likaniambia waziwazi kwamba haliko tayari kurudi njia liliyojia. Nilimwita mama mkwe. Alikuja, akazunguka kisanduku mara moja, akasema magoti yake hayamruhusu kuinama lakini simu anaweza kupiga. Binti alikuwa chini ya lori la mteja. Alisema atafika akimaliza kufunga boliti alizozifungua, kwa kuwa lori haliwezi kuachwa hivyo, na baba anaweza.

Ilichukua dakika arobaini. Mama mkwe akavuta kigoda chake, akakaa karibu nami na kuendelea na mchele aliokuwa akiuchambua. Sikuweza kuandika kitu, kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati na mfuko ulikuwa chini yangu. Kusema nako kulikuwa na shida, maana kila neno lilinirudia usoni. Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza nikausikia mchana wa nyumba yangu: mchele ukidondoka kwenye ungo, bomba la jirani, saa ya ukutani ambayo sikujua kuwa inatoa sauti.

Kisha nikasikia kishindo kidogo cha kitu kinachoruka kutoka juu. Nyayo. Kitu cha baridi kikagusa vidole vya mkono wangu uliobaki nje, kikanusa, kikapita. Halafu uzito ukajilaza kando ya mbavu zangu, ukajiweka sawa, na ukaanza kunguruma ule mngurumo wao, ambao ulipita kwenye mifupa yangu mpaka ndani ya kisanduku.

"Usitikisike," mama mkwe akaninong'oneza. "Tulia hivyohivyo. Leo umempendeza."

Binti alifika na sanduku lake la spana. Alisimama mlangoni kwa muda ambao mimi nauona ni mrefu kupita kiasi. "Baba," akasema, "mimi leo nimeshusha gia boksi peke yangu, na sikuwa na wasiwasi kama huu." Akafungua skrubu nne, akanyanyua kifuniko. Nami kwa furaha ya kuuona mwanga nikasimama, nikanyoosha kidole nikasema, "Mmeona! Mmeona alichofanya!" Kabla sijamaliza, paka alikuwa keshapanda kabatini.

Kutokana na tukio hili moja, wanawake watatu wa nyumba hii wamefikia uamuzi kwamba paka hana tatizo nami, ana tatizo na sauti yangu, kalamu yangu, kengele yangu na miguu yangu inayomfuata. Uamuzi ulifikiwa jikoni, bila ajenda, bila muhtasari, na mimi nikiwa bado napaka sikio mafuta. Nilipendekeza kwamba kama hali ni hiyo basi Mpangaji ahamie gereji kwa binti, ambako kuna panya na hakuna kengele. Binti alikubali. Mama mkwe akakataa. Alisema, na naomba uone ninayoishi nayo: "Kwa nini aondoke yeye? Kwa mchana, paka ndiye aliyetangulia." Mke wangu aliniwekea chai mbele yangu, akaikoroga yeye mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kwa wagonjwa tu.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa Daktari, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Alhamisi. Kwanza, swali la tisa lifutwe, au angalau liandikwe upya liwe "Je, kuna badiliko lolote lililotokea ndani ya paka?" Pili, wanafamilia wengine wahudhurie kama wasikilizaji, wakae kwenye viti vya nyuma na wasiruhusiwe kunong'ona. Tatu, nipewe dakika arobaini za maelezo ya utangulizi. Nimeyapunguza kutoka saa mbili. Nne, kwa kuwa watu wanne wamejaza fomu na mhusika mkuu hajajaza, Mpangaji naye aletewe nakala yake na aweke unyayo, ili asije baadaye akakana. Tano, asipofika mezani na maelezo ya kuridhisha, apewe onyo la maandishi, na nakala iwekwe kwenye jalada lake, ambalo nimekwishalifungua na lina kurasa sitini na mbili. Sita na mwisho: endapo uchunguzi utaonyesha kwamba chanzo si paka, matokeo yawekwe kwenye bahasha ya siri, nisomewe mimi peke yangu, mlango ukiwa umefungwa, na paka asijulishwe.

Sidhani kama nimeomba makubwa. Nyumba hii haijabadilika hata kidogo. Kuta ni zilezile, paa ni lilelile, na mwenye nyumba ni yuleyule, ila sasa yupo.

Nisalimie mpokeaji wenu, ambaye kwenye simu alinivumilia mara tano kwa siku moja na mara ya tano akaniita "babu" kwa heshima zote. Msalimie mlinzi wa geti la kijani, na yule mbwa mkubwa niliyemwona barazani kwenu akiwa na karai la plastiki shingoni. Mwambie sasa namwelewa kuliko nilivyomwelewa siku ile nilipopita kwenu kuulizia fomu. Mke wangu, mama mkwe na binti wanakusalimu sana, kwa uchangamfu ambao sijaupenda.

Ni mimi, nisiye na kosa na mwenye nakala ya kila kitu,

Karani Mkuu wa Masjala (Mstaafu)

Nakala: Jalada la paka.

Nyongeza. Barua hii imechelewa siku sita kwa kukosa bahasha ya kipimo chake. Katika siku hizo mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, ambaye mke wangu amemzalisha watoto wawili, aliomba mtu wa kumpangia maktaba. Paa lilivuja, likatengenezwa, na tangu hapo vitabu vyote vimelundikwa sakafuni, hesabu juu ya hadithi, hadithi juu ya kilimo. Nilipoviona nilijisikia vibaya kama mtu aliyeona ajali. Tangu Jumatano naenda huko kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Walimu huja na maswali, na nikinyamaza kungoja, huuliza.

Uaminifu wa kumbukumbu unanilazimisha niseme kwamba tangu Jumatano hiyohiyo Mpangaji hajakosea beseni hata mara moja. Beseni lenyewe nimelikuta limerudi nyuma ya mlango wa jikoni. Sikuuliza nani kalirudisha. Mke wangu ananiambia analala mchana mpaka anaota. Yote haya nayahesabu kuwa ni sadfa tupu.

Jana niliporudi alikuwa amekaa juu ya ukuta wa geti. Sikusema neno. Alishuka, akanitangulia mpaka mlangoni, mkia juu, akageuka kuhakikisha naja. Hilo sikuliandika kwenye shajara. Nakuambia wewe tu.

Kwa hiyo fomu ibaki kama ilivyo, swali la tisa likiwemo, ni swali zuri. Ila miadi ya Alhamisi naomba isogezwe hadi alasiri. Asubuhi niko kazini.